Kigingi cha Macheo

Simu ilipolia saa kumi na moja alfajiri, ilimkuta Kidevu ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kamera mapajani. Usingizi ulikuwa umemkimbia zamani. Na wewe ungelala? Nani analala siku ambayo jua na mume vyote vinategemea dakika moja?

Jina la Kidevu alipewa na wateja. Miaka sita ya kupiga picha za vitambulisho kwenye studio yenye kiti kimoja na pazia la bluu, kutwa nzima ni "inua kidevu, shusha kidevu, hapo hapo, usipepese," mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mama yake na benki. Mpima naye, jina alilopewa kwa kazi yake ya kupima ardhi, alimpata kwenye kiti kile kile. Alikuja siku moja, mrefu, mwenye haya, anataka picha ya kitambulisho cha kazi, akapepesa macho mara saba mfululizo. Ya nane Kidevu akashindwa kuvumilia.

"Kaka, macho yako yana nini?"

"Macho hayana kosa, dada. Ni hivyo unavyoniangalia."

Basi, yakaanzia hapo. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na wangekuwa wameshaoana kama si Baba.

Baba yake Kidevu ni seremala, tena wale wa zamani. Meza ikiyumba kidogo tu anaifumua yote na kuanza upya. Alipoletewa habari za kijana anayezunguka nchi nzima akipima barabara na viwanja, aliweka randa chini akasema, "Huyo anapanda vigingi kwenye ardhi za wenzake, yeye mwenyewe hana hata pa kuweka kiti. Leo huku, kesho kule. Binti yangu hataolewa na begi." Mama alijaribu kumbembeleza, akaambulia patupu.

Mlango ulikuja kufunguliwa na kalenda. Mwenye kiwanda cha uchapaji alimpa Kidevu kazi ya picha kumi na mbili za mwaka ujao. Kumi na moja zilikuwa tayari. Ilibaki ya Januari, na bwana yule alitaka macheo, "ila siyo yale macheo ya kila mtu." Kidevu alikuwa bado anaumiza kichwa, ujumbe wa Mpima ukaingia kutoka huko milimani alikokuwa kikazi: "Nimepata mahali. Jua linachomoza katikati ya mawe mawili. Wiki hii tu, halafu linahama. Njoo."

Baba aliwaka. Halafu akapoa, akatoa sharti lake. Aende, lakini aongozane na shangazi yake. Shangazi amtazame huyo kijana kwa macho yake mwenyewe, na siku ya kurudi, saa moja kamili asubuhi, apige simu aseme ndiyo au hapana. "Atakalosema dada yangu ndilo hilo," Baba alisema. "Baada ya hapo sitaki kulisikia tena jambo hili ndani ya nyumba yangu."

Siku ya kurudi ilikuwa leo. Gari lilikuwa linawafuata saa mbili.

"Umevaa sweta?" Sauti ilitoka kitanda cha pili, gizani. Shangazi alikuwa matroni mstaafu wa hospitali, miaka thelathini na minne wodini, na hakuna aliyewahi kumwona akiamshwa. Huwa anakutwa macho.

"Nimevaa, Shangazi."

"Na soksi?"

"Na soksi. Shangazi... umeshaamua utamwambia nini Baba?"

Shangazi aliwasha taa, akaanza kutandika kitanda cha watu, pembe kwa pembe, kama vile mkaguzi anakuja. "Nitamwambia nini? Tumefika jana mchana. Huyo mtu wako amesema maneno ishirini, na kumi kati ya hayo ni shikamoo. Nimwambie kaka yangu kwamba anakula vizuri?"

"Si muongeaji tu. Ila ukimjua..."

"Sina muda wa kumjua, mwanangu. Nina mpaka saa moja." Akachukua mkoba wake mkubwa mweusi, akaubana kwapani. "Haya, twende tukalione hilo jua lake. Amesema litatokea katikati ya mawe. Litokee basi, angalau niwe na la kusema."

Mpima alikuwa anawasubiri barazani, tochi mkononi, begi lake begani. Kidevu alipomwona tu, baridi yote ikamtoka. Walitazamana kidogo, kidogo kuliko walivyotaka, maana Shangazi alikuwa nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Jua lako linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba."

"Simu yangu inasema kumi na mbili na ishirini na nne."

"Simu inahesabu kama vile nchi yote ni tambarare. Hapa jua lina mlima wa kupanda kwanza. Dakika kumi na tatu."

"Umeziota?"

"Nimezipima, Shangazi."

Shangazi aliguna. Kidevu alikuwa ameshajifunza kuisoma miguno yake, na huu haukuwa mbaya.

Nyumba ile ya wageni ilikaa juu ya kilima, na uwanja wake wa nyuma uliishia ghafla kwenye bonde refu. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlima, na juu ya mlima mawe mawili makubwa yaliyosimama wima, bega kwa bega, yameachiana upenyo mwembamba. Wenyeji wanayaita Pacha. Jana jioni, Shangazi akiwa amejipumzisha chumbani, Mpima alimwonyesha Kidevu mahali penyewe. Ukisimama hapo, jua linaingia kwenye upenyo sawasawa. Ukisogea hatua tatu kushoto, linajificha nyuma ya pacha wa kushoto, na hatua tatu kulia, nyuma ya mwenzake. Akapigilia kigingi cha mti chenye kichwa chekundu, akaandika kidogo kwenye daftari, akasema, "Hapa. Stendi ya kamera ikae hapa hapa, halafu wewe usubiri tu." Kidevu aliona raha mpaka akataka kumkumbatia palepale, ila dirisha la Shangazi lilikuwa wazi.

Sasa Mpima alitangulia na tochi. Alipofika ukingoni alisimama. Akamulika kushoto, akamulika kulia. Akachuchumaa, akapapasa majani.

"Nini?" Kidevu aliuliza.

"Kigingi."

"Kigingi kimefanya nini?"

"Hakipo."

Kidevu alidhani ni utani. Aliichukua tochi, akamulika mwenyewe. Majani, changarawe, umande. Uwanja mzima ulikuwa msafi, umelala kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa.

"Hakipo vipi? Si ulikipigilia wewe?"

"Nilikipigilia."

"Sasa kimeota miguu?"

"Sijui, mpenzi. Ngoja nitazame."

Kidevu alitazama saa. Kumi na moja na dakika hamsini na tano. Mashariki kulishaanza kupauka, na Pacha wameanza kuonekana. Siku mbili barabarani, kalenda, Baba, kila kitu kilikuwa juu ya mti wa urefu wa mkono, na mti wenyewe haupo.

"Nilikuuliza jana kama kimekaza," alisema, na sauti ikaanza kupanda bila ruhusa yake. "Nilikuuliza! Ukacheka. Ukasema hicho hata tembo hang'oi."

"Nilisema hivyo, kweli."

"Unacheka! Kila kitu kwako ni usijali, usijali. Leo ndiyo siku ya mwisho, Shangazi yuko hapa na saa yake, na wewe hata kigingi kimoja kimekushinda. Baba alisema. Alisema mtu wa begi hana kitu kinachokaa mahali pake!"

Neno lilishatoka, halirudi. Mpima alinyanyua uso, akamtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kidevu zaidi. Alionekana tu ameumia, akaumezea, akashusha macho. Pembeni, Shangazi alikuwa amesimama wima, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Kosa langu," Mpima alisema mwishowe. "Ningekipigilia chini zaidi. Tutagombana baadaye, nakuahidi, nitakaa kimya unigombeze mpaka uchoke. Sasa hivi nahitaji mikono yenu."

Alivuta zipu ya begi, akatoa daftari lenye jalada la plastiki na tepu ndefu ya kupimia. Akafungua ukurasa, akamulika.

"Mimi sipandi kigingi bila kukipima kutoka kwenye vitu viwili visivyohama. Vigingi vinang'oka kila siku, ng'ombe, wafyeka majani, yeyote. Kona ya tangi la maji, mita kumi na nne na sentimita ishirini. Lile jiwe lililopakwa chokaa, mita tisa na sentimita sitini na tano. Shangazi, samahani, naomba unisaidie."

"Mimi?" Shangazi alishtuka.

"Shika mwanzo wa tepu, uubane pale kwenye kona ya tangi. Usiuachie hata nikivuta."

"Nimeshika mikono ya wanawake wakijifungua," Shangazi alisema, nguvu ikimrudia kidogo. "Tepu yako haitanishinda."

"Kidevu, wewe nenda kwenye jiwe jeupe. Shika hapa, ishirini na tatu na themanini na tano."

Kidevu alishika. Vidole vyake viligusa vya Mpima, na alitamani kusema samahani, ila dakika hazikuruhusu. Alikimbilia kwenye jiwe, akapiga magoti kwenye umande, akabana namba yake dhidi ya chokaa. Kule tangini Shangazi alikuwa ameinama, mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Tepu ililala katikati yao, imelegea. Mpima akaitembelea mpaka kwenye namba yake, akaishika kwa vidole viwili, akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea bondeni. Tepu ikanyanyuka. Upande wa Shangazi ukakaza. Upande wa Kidevu ukakaza.

"Imekaza kwako, Shangazi?"

"Imekaza!"

"Kidevu?"

"Imekaza!"

"Msiachie." Alipiga goti moja, akashusha vidole mpaka chini, akagusa udongo. Kidevu alimwona akibonyeza ardhi kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, na kidole kikazama. Mpima aligeuza shingo, akatazama kule tangini, akatazama viatu vya Shangazi, kisha akarudisha macho haraka. Kuna kitu kilipita usoni pake, kitu kama kicheko kilichozuiwa mlangoni.

"Ni hapa," alisema. "Lete stendi."

"Una hakika?"

"Kabisa. Lete."

Hakuna mtu aliyewahi kufunga stendi haraka vile. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kamera juu, lenzi ndefu, betri imejaa, kadi iko ndani. Mikono ya Kidevu ilijua kazi yake. Aliweka jicho, akawatafuta Pacha, akawaleta katikati, akaikaza fokasi kwenye ukingo wa jiwe mpaka ukawa mkali kama umekatwa kwa kisu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Saa kumi na mbili na ishirini na nne Shangazi alitazama simu yake. Hakuna jua.

Ishirini na tisa, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Mweupe, mzito, ukaanza kuwafunika Pacha miguuni, halafu viunoni.

"Jamani, la!" Kidevu alilia. "La, la, la. Siyo sasa hivi!"

"Utashuka," Mpima alisema.

"Umeupima na wenyewe?"

"Huo sijaupima. Huo naomba tu."

Kidevu alicheka, machozi yanamlenga, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mpima aliushika. Shangazi aliona, akageukia tangi la maji kama vile lina jambo la maana.

Thelathini na nne. Upepo mdogo ulitoka kusikojulikana, ukausukuma ukungu chini taratibu, ukautandaza bondeni. Pacha wakatoka, weusi, wamenyooka. Nyuma yao mbingu ilikuwa imeshaiva, rangi ya embe chini, waridi juu. Kidevu aliachia mkono wa Mpima, akashika kamera.

"Thelathini na sita," Mpima alinong'ona.

"Nyamaza."

"Thelathini na..."

Na hapo, lo! Tone moja la moto likatokea kwenye upenyo. Halikutokea kushoto, wala kulia, lilikuja katikati kabisa, likaanza kuvimba. Mwanga ukapenya kati ya mawe, ukakimbia juu ya ukungu wote ule mpaka ukawagonga wao watatu usoni. Na Kidevu, kwa mazoea ya miaka sita, akajisahau, akalipigia jua kelele kama mteja:

"Inua kidevu! Hapo hapo! Usipepese! Moja, mbili..."

Kamera ikalia. Ikalia tena, na tena. Jua likawa nusu, mawe yameliweka katikati, na ukungu umewaka dhahabu mpaka chini bondeni. Nyuma yake alimsikia Mpima akicheka kwa sauti, kicheko ambacho hakuwahi kukisikia, na sauti ya Shangazi ikisema "Yallah, yallah!" kama msichana. Akaendelea kupiga mpaka jua likajitoa lote na kuwaacha Pacha chini yake, na mwanga ukawa mkali usiotazamika.

Ndipo alipogeuka. Alitaka kusema samahani, akajikuta amemrukia shingoni.

"Nimekosea," alimwambia sikioni. "Nilichokisema kile. Nimekosea sana."

"Ulikuwa na haki ya kuogopa."

"Usiwe mwema hivyo, unaniumiza. Nigombeze kidogo."

"Nionyeshe picha kwanza."

Walijiinamia kwenye kioo kidogo cha kamera, vichwa vimegusana. Ilikuwa pale. Januari. Siyo macheo ya kila mtu. Kidevu aliitazama akahisi furaha imemjaa mpaka kooni.

"Saa moja kasoro dakika moja," Shangazi alisema.

Furaha yote ikasimama. Shangazi alikuwa amekaa kwenye lile jiwe la chokaa, simu mkononi, miwani puani, ameshaanza kubonyeza. Masikio yake hayakuwa tena ya ujana, kwa hiyo aliweka spika. Simu iliita mara moja tu. Kule upande wa pili ilisikika randa ikilamba ubao, kisha ikanyamaza.

"Dada."

"Kaka. Umeamkaje?"

"Salama. Sema."

Kidevu alimshika Mpima mkono, akaubana mpaka akamuumiza. Shangazi alikohoa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Kaka, jana jioni nilitoka nje kutafuta mtandao. Nikajikwaa kwenye mti umechomoza ardhini, kichwa chekundu. Nikadhani wa kufungia mbuzi. Unajua mimi, nimeuguza watu wangapi waliovunjika nyonga kwa vitu vidogo hivyo? Nikaung'oa. Nikalifukia shimo vizuri, nikalikanyagia."

Kidevu alifungua mdomo. Shangazi alimnyooshea kidole asimame hivyo hivyo.

"Kumbe ndiyo kigingi cha huyu kijana. Ndiyo alama ya kazi yote iliyotuleta huku. Asubuhi nikaelewa, nikaona aibu. Nikauficha kwenye mkoba, kaka, mtu mzima na mvi zangu. Binti yako akamshukia kijana wa watu, akamrushia na maneno yako yale ya begi. Kijana akasema kosa ni lake."

"Hakujua ni wewe," Baba alisema.

"Alijua. Alipofika pale akabonyeza udongo, akaona umefukiwa na mtu mwenye bidii. Akaviangalia viatu vyangu. Akaona matope. Kisha akanyamaza, akaendelea na kazi, wala hakunitazama tena hata mara moja ili nisione haya. Mpaka sasa amenyamaza. Ungemwona alivyo, anatazama chini yeye badala yangu."

Kidevu alimgeukia Mpima. Kweli alikuwa anatazama chini, masikio yamemwiva. Ningempendaje mtu mwingine, Kidevu aliwaza, na moyo ukamuuma kwa utamu.

Kisha Baba akauliza swali moja, na aliuliza kwa sauti ya karakana, ile ya kukagua kiungo cha mlango.

"Alipopatafuta upya, gizani, alikosea kwa kiasi gani?"

Shangazi alifungua mkoba mweusi, akatoa kigingi chenye kichwa chekundu, bado kina udongo. Akainuka, akainama kwenye stendi, akapitisha mkono katikati ya miguu yake. Akakisimamisha kwenye ule udongo laini, akakisukuma kwa kiganja. Kikashuka chenyewe, hakikugoma popote, kikasimama.

"Shimo lile lile, kaka," alisema kwenye simu. "Kimeingia shimo lile lile."

Kisha wakasikia Baba anavuta kiti, anakaa.

"Mwambie aje Jumamosi," Baba alisema. "Aje nyumbani, tule chakula. Na aje na huo mti. Nataka kuuona."

Simu ikakatika. Kidevu alipiga yowe ambalo bonde zima lililirudisha, akamrukia Shangazi, kofia ya sufu ikamdondoka Shangazi, na Mpima akabaki amesimama anapepesa macho, mara saba, mara nane, mpaka machozi yakamshinda na yeye.

"Basi, basi, mtanivunja," Shangazi alisema, akijifuta uso kwa ukingo wa kanga. Akaokota kofia yake, akaivaa sawa. Kisha akamtazama Mpima, na uso wa wodini ukamrudia.

"Na wewe mwanangu, king'oe hicho kitu. Halafu ufukie vizuri, mtu asije akajikwaa."